Mwalimu Aliyelipwa Asifanye Kazi

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba mwalimu wetu analipwa na kampuni moja ya ng'ambo ili asifanye kazi. Sikushuku tu. Niliamini, vile mtu anaamini kuwa kesho kutakucha. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: Mwalimu alikuwa mjuzi kupita kiasi wa kutengeneza tovuti, hadi wazungu wakaogopa kwamba akichukuliwa na washindani wao, biashara yao itaanguka. Wakaona afadhali wampe mshahara wa kukaa. Akae Nakuru, ale vizuri, afundishe watoto wa watu jioni akitaka, mradi asiguse kazi ya kampuni nyingine yoyote duniani.

Aliyeniletea habari hiyo ni Kibet, tuliyekaa naye benchi moja. Mchana Kibet aliuza matairi. Maneno aliyauza saa zote.

"Buda, binamu yangu ameona barua na macho yake," aliniapia. "Iko na muhuri. Imeandikwa, tafadhali usifanye kazi."

"Tafadhali?"

"Wazungu wako na heshima, bana."

Nikameza bila kutafuna. Na ushahidi nilikuwa nao, kwa sababu kulikuwa na tai. Mara moja au mbili kwa mwezi Mwalimu aliingia darasani na koti la kijivu na tai ya bluu yenye vidoti vyeupe, viatu vimeng'arishwa hadi ungeweza kujinyolea ndevu mbele yavyo. Siku nyingine zote alivaa sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Basi tukiona tai tunakonyezana: leo wazungu wamelipa.

Ninaanza na uvumi huu kwa sababu ndimo nilimojificha nilipomwibia. Nilichukua kazi ya mikono ya Mwalimu, nikaitumia kupata ajira, na kila moyo ulipotaka kunisuta niliuambia: mtu analipwa kukaa, huyo atapungukiwa na nini?

Darasa letu lilikuwa juu ya duka la agrovet hapa mjini, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili. Kompyuta sita, wanafunzi kumi na wanne, na harufu ya chakula cha kuku iliyoingia hadi kwenye daftari. Mpaka leo nikinusa dawa ya kupe nakumbuka jinsi ya kupanga safu tatu kwenye skrini. Wengi tulitoka kazini moja kwa moja. Mimi nilikuwa naosha magari kando ya barabara kuu, na niliingia darasani suruali imelowa hadi magotini, vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye karai. Mwalimu hakuwahi kunikemea kwa kumwagia sakafu yake maji. Aliniwekea gunia tupu mlangoni nikanyage, akasema, "Mikono ikikauka, njoo kwenye mashine." Baada ya hapo gunia lilikuwepo kila siku, na sikumwona hata mara moja akiliweka.

Alichotufundisha ni ule upande wa tovuti ambao mtu anauona na kuugusa: maandishi, picha, menyu, vitufe. Lakini wiki mbili za kwanza hatukugusa kompyuta hata moja. Alitushusha chini dukani, akatusimamisha mbele ya rafu kama watu waliokuja kukagua.

"Dawa ya ng'ombe iko wapi?"

"Hapo katikati, Mwalimu."

"Kwa nini katikati?"

Mwenye duka akatujibu kutoka kwenye kaunta: "Kwa sababu ndiyo watu wanataka! Mnadhani ni urembo?"

"Na sumu ya panya?"

"Juu kabisa. Mtoto asifikie."

Mwalimu akafurahi kama amepewa ng'ombe mwenyewe. Akatugawia karatasi za mraba tuchore rafu ile, kisha tuchore upya kama tungekuwa sisi wenye duka. "Kwanza panga bidhaa," alisema. "Rangi baadaye." Mimi nilikuwa mtu wa rangi. Ukurasa wangu wa kwanza, wa ile kazi yetu ya kuosha magari, ulikuwa wa zambarau, na gari jekundu lilikimbia kutoka kushoto hadi kulia bila breki, likirudi likikimbia tena. Mwalimu alilitazama muda mrefu.

"Gari linaenda wapi?"

"Linapendeza tu, Mwalimu."

"Na mteja anayetaka kujua mnafungua saa ngapi, alikimbize?"

Darasa lilicheka hadi mwenye agrovet akagonga dari na fimbo ya ufagio.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Picha ikisogea kando kiasi cha unywele mmoja aliiona kutoka mlangoni, na hakuweza kuketi mpaka irudi mahali pake. Lakini koti lake lile la kijivu alilifunga kifungo cha pili kwenye tundu la tatu, akafundisha saa mbili nzima bega moja likiwa juu. Kwa watu alikuwa na maneno machache. Kwa kompyuta aliongea kama mtu anayebembeleza ng'ombe akubali kukamuliwa. Chumvi katika maneno hakuipenda, ila yangu ilimchekesha, na mara nyingine aliniomba nirudie hadithi ya lile lori nililoliosha nikakuta chini ya matope ni basi.

Upande wa kutafuta kazi ndipo alipokuwa mkali kabisa. CV yangu ya kwanza ilisema nina uzoefu wa miaka mitano. Nilikuwa nimesoma wiki tano. Ukihesabu kwa umri wa kuku, si uongo mkubwa. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu.

"Hii miaka mitano uliifanyia wapi?"

"Ni ya kuvutia tu, Mwalimu. Kila mtu anaongeza."

"Andika wiki tano. Halafu andika ulifanya nini ndani ya hizo wiki tano."

"Ni kidogo sana."

"Kidogo chako kikiulizwa kitajibu," akasema. "Kikubwa cha kuazima kitanyamaza."

Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari. Yapo hata sasa, yamezungukwa na doa la sabuni ya magari.

Msije mkadhani alikuwa mchoyo. Kila alichotengeneza alitugawia kwenye flashi tukakisome. "Iga," alituambia. "Iga mpaka mkono uzoee, halafu funga, uandike yako bila kuchungulia. Ila ukitumia cha mtu, mtaje." Yeye mwenyewe alitaja kwa njia ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ndani ya kila ukurasa, mahali ambapo mgeni haoni mpaka afungue code yenyewe, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa, aliandika mstari mmoja. Mstari huo haukuwa na jina lake. Ulikuwa na jina la mtu aliyeupima ukurasa huo kwa mkono wake.

Kwa sababu kwa Mwalimu ukurasa haukuisha mpaka upimwe na yule atakayeutumia, kwa simu yake, mahali pake pa kazi. Wauza viazi wa Sachangwan walipimia ukurasa wao barabarani, malori yakipita. Na ule ukurasa ninaouzungumzia mimi, ule ulionipa kazi, ulipimwa Kamere, ufuoni mwa Ziwa Naivasha, na kina mama wanaouza samaki.

Tulienda Jumamosi moja: Mwalimu, mimi, Kibet, na Wambui, ambaye ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa letu. Kina mama walitaka wenye hoteli waone kila asubuhi samaki gani wapo na bei ni ngapi. Ukurasa ulikuwa tayari, unapendeza, sisi watatu tumejaa kiburi kama ni sisi tuliochimba ziwa. Mwalimu akamkaribia mwenyekiti wao, Mama Achieng, aliyekuwa na simu yenye kioo kilichopasuka mara nyingi hadi kikawa kama wavu.

"Mama, hebu badilisha bei ya leo."

"Nibadilishe na mkono gani? Huu uko na samaki, huu uko na kisu."

Kibet akarukia, "Mathe, si uweke samaki chini kidogo..."

"Niweke chini mchanga uingie, halafu wewe ndio utamkula?"

Kina mama wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisimama kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani. "Mama ana haki," akasema. "Mtumiaji hakosei. Sisi ndio hatukumwekea njia." Akageuza kreti ya samaki, akaikalia, akaweka laptopu magotini, nzi wakimtambaa usoni kama wamelipiwa kiingilio. Kile kitufe kilichokuwa juu pembeni akakishusha chini kabisa, panapofikiwa na kidole gumba cha mkono ulioshika simu. Akakipanua. Mama Achieng akatia kisu kwenye ndoo, akajaribu, kidole kikateleza. Mwalimu akakipanua tena. Kikateleza. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne bei ikabadilika, na Mama akapiga kelele zilizotimua korongo wote wa ziwa lile.

"Imekubali! Hata na magamba!"

Hapo ndipo Mwalimu alipoandika mstari wake wa siri: Umepimwa na Mama Achieng, Kamere, mkono mmoja ukiwa na samaki. Akatuonyesha sote watatu. Kwa hiyo siwezi kusema sikuuona.

Sasa nirudi kwenye tai. Ajabu ya siku za tai ni kwamba ndizo siku alizofundisha vizuri kuliko zote. Alizima kompyuta, akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku, akajifanya mkubwa wa kampuni, na sisi mmoja mmoja tukawa watafuta kazi. Maswali yake yalikuwa na harufu ya ofisi. "Tuambie siku ulipokosea kazini, na ulirekebishaje." "Mteja anataka rangi mbaya, utafanyaje?" "Simu ya mteja ni ya zamani, ukurasa unakwama, utaanza kuangalia wapi?" Ukijibu kwa maneno ya kukariri anainua mkono: "Hilo umelisoma. Niambie lako."

Lakini kulikuwa na maswali mengine tuliyoyaona hayana maana. Siku moja ya tai alimgeukia Wambui, akamuuliza, "Kwa nini umekaa muda mrefu hivi bila ajira?"

Wambui alikuwa ametoka sekondari mwaka ule ule. "Mwalimu, hilo swali si letu."

"Jibu tu."

"Sijakaa."

"Basi hili. Wenzako hapa wote ni vijana kuliko wewe. Utaweza kuongozwa nao?"

Tukacheka. Kibet akanong'ona kwamba mshahara wa wazungu umemlevya mzee. Mwalimu alingoja tumalize kucheka, akatazama viatu vyake vinavyong'aa, kisha akalijibu swali mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejaribu njia ya pili baada ya ile ya kwanza kufungwa. Alisema, "Nitaongozwa na yeyote anayejua anakokwenda." Akailegeza tai. "Hivyo ndivyo ningejibu," akasema, na akatuambia tuwashe mashine.

Wizi wangu haukuchukua hata dakika kumi. Kampuni moja ndogo hapa Nakuru, inayotengeneza tovuti za lodge na za mashamba ya maua, ilitangaza kazi. Hawakutaka vyeti vingi. Walitaka kiungo cha ukurasa mmoja uliokamilika, na mwisho wa kutuma ulikuwa jioni ile. Ukurasa wangu wa kuosha magari haukuwa umekamilika. Ukiufungua kwa simu menyu ilifunika kila kitu kama turubai. Nilikuwa nimeahirisha kuirekebisha kwa wiki sita, kwa bidii sana. Na kwenye flashi yangu ulikuwepo ule wa Kamere.

Nikaufungua. Chini kabisa nikaandika jina langu. Kisha nikauona ule mstari wa Mama Achieng, nikauangalia, nikaufuta. Mstari mmoja tu. Vidole vyangu vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji, na nakumbuka nilivyojiambia: wazungu wanamlipa mzee huyu akae, mimi hakuna anayenilipa nikae. Nikatuma.

Waliniita. Walikuwa wawili mezani, na swali la kwanza lilikuwa, "Kwa nini kitufe kikubwa hivi, na kwa nini kiko chini?" Nikawasimulia samaki, kisu, magamba. Nikawasimulia kidole gumba kilivyoteleza mara tatu. Nikamalizia, "Mtumiaji hakosei," wakatazamana, mmoja akaandika. Mwalimu aliniambia kikubwa cha kuazima kitanyamaza, na hapo peke yake ndipo nilipopata kumwona akikosea. Kilijibu vizuri sana, kwa sababu majibu nayo niliyaazima kwake.

Nilipopeleka darasani habari kwamba nimepata kazi walishangilia hadi chini dukani vifaranga wakaitikia. Wambui akaleta chapati, Kibet soda. Mwalimu alichelewa siku hiyo, akaingia na tai, uso umechoka, na alipoambiwa akaja moja kwa moja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Uliwaonyesha nini?"

"Ile ya car wash, Mwalimu."

"Ile menyu uliirekebisha?"

"Niliirekebisha."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alitikisa kichwa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake hata Kamere. Akaifungua ile tai pale pale, akanivisha shingoni juu ya fulana yangu yenye grisi, akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka kabisa. "Vaa siku ya kwanza," akasema. "Utanirudishia ukizoea." Kibet akapiga meza: "Sasa wazungu watamlipa nani?" Sote tukacheka, na Mwalimu, ambaye hakuelewa mzaha, akacheka nasi kwa sababu tulikuwa tumefurahi.

Niliivaa siku ya kwanza. Nilizoea mwezi wa pili. Sikuirudisha. Nilijiambia niko bize, nikajiambia nitaipeleka dobi kwanza, nikajiambia ana zingine kumi za ng'ambo. Kusema kweli sikuweza kupanda ngazi zile za agrovet na kumtazama. Baadaye mwenye duka akataka chumba chake awekee magunia, darasa likafungwa, na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia nilipumua.

Kazini nilinawiri. Nikawa mtu wa misemo. Mgeni akikwama kwenye ukurasa, mimi huyo: "Kwanza panga bidhaa, rangi baadaye." Wenzangu walikuwa wakiniuliza ninayatoa wapi. Nilikuwa nikigusa kichwa.

Mwaka jana tulitangaza nafasi ya mtu wa pili. Kiongozi wa timu yetu, dada mmoja mchangamfu lakini asiyependa mchezo kazini, alikuwa akifungua maombi kwenye skrini kubwa, sisi tumemzunguka na chai. Akafungua moja, akaacha kunywa.

"Ala! Msee wetu, hebu kuja uone. Huyu mzee ametuma ukurasa wako."

Ulikuwa ule wa Kamere. Kitufe chini, kipana. Kwenye maombi palikuwa na jina la Mwalimu, na barua fupi ya ukurasa mmoja, bila chumvi hata chembe. Kiongozi akafungua code, na mle ndani ulikuwemo ule mstari, mzima kama alivyouandika kwenye kreti: Umepimwa na Mama Achieng, Kamere, mkono mmoja ukiwa na samaki.

"Hata ameongeza na hadithi yako ya samaki," kiongozi akasema. "Watu hawaogopi!"

Wote wakanigeukia. Palikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Nikilipima sasa, lile lilikuwa pengo la kupitisha ng'ombe ishirini, mmoja mmoja, bila haraka. Nikatikisa kichwa, nikasema neno moja.

"Watu!"

Wakacheka. Kiongozi akamwandikia jibu mbele yetu kwamba kampuni haipokei mtu anayetumia kazi ya wenzake, akalifunga faili. Usiku sikulala, lakini asubuhi nilikuwa nimeshapata maelezo: Mwalimu anatujaribu tu. Mtu anayelipwa kukaa amechoka kukaa, anacheza. Niliishi na maelezo hayo miezi minne. Kisha Wambui akanipigia simu kwa mambo yake mengine, na katikati ya mazungumzo akasema, "Si ulisikia Mwalimu yuko Kamere siku hizi? Ana meza kwa cyber moja hapo. Anaandikia watu wa maua CV."

Yaliyofuata baada ya kwenda kumwona huko niyamalize hapa kwanza, maana nataka kumalizia na yeye. Jumatatu iliyofuata niliingia kwa kiongozi wa timu, nikafunga mlango, nikamwambia yote, pamoja na mstari niliofuta. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na mimi nilimwandikia mzee wa watu nini?" na akaitafuta ile barua, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, akitaka na mimi nisikie. Nimepewa onyo la maandishi. Kazi bado ninayo, kwa kuangaliwa. Kampuni imemwandikia Mwalimu kuomba radhi na kumwita aje waongee naye upya. Mpaka ninapoandika haya hajajibu, na sina haki ya kumharakisha.

Mwalimu nilimkuta Jumamosi, saa tano asubuhi. Cyber ilikuwa ya mabati, jua limeiwasha kama jiko, na nje kulikuwa na foleni ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengine bado na gambuti. Nikapanga foleni kama wenzangu. Nilikuwa wa nane. Kupitia mlangoni nilimwona akiwa na ile sweta ya kijani, kiwiko cha pili nacho kimetoboka. Alikuwa anamhudumia binti mmoja.

"Umeandika uzoefu wa miaka mitatu," nilimsikia akisema.

"Ni miezi sita, Mwalimu. Lakini wenzangu wote wanaongeza."

"Andika miezi sita. Halafu niambie ulifanya nini ndani ya hiyo miezi sita."

Nilitaka kutoka kwenye foleni. Aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma: "Boss, songa, jua linatuua."

Zamu yangu ilipofika Mwalimu alikuwa bado anatazama skrini. "Wa nane. Ni CV au fomu?" Akainua macho. "Ah. Ni wewe. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka haraka, vile mtu anavyojitosa kwenye maji baridi: kwamba ukurasa ulionipa kazi ulikuwa wake, kwamba nilifuta mstari wa Mama Achieng, kwamba maombi yake yalipofika kwetu nilikuwepo na nikanyamaza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," akasema. "Waliponijibu nilifungua tovuti yao, nikaona picha yako na ukurasa wa Kamere chini yake."

"Mbona hukuwaambia, Mwalimu?"

"Niwaambie nini? Mzee asiye na kazi na kijana mwenye kazi, wote wanasema ukurasa ni wao. Wewe ungemwamini nani?" Akasogeza kiti chake kidogo. "Huko kwenu umewaambia?"

"Bado. Nilitaka nianze na wewe."

"Umeanza na mtu pekee aliyekuwa anajua, bwana. Wasiojua wako Nakuru."

Nikafungua mfuko, nikatoa ile tai, imefuliwa, imekunjwa ndani ya gazeti, nikaiweka mezani kati yetu. Na kwa kuwa mtu anayezama hushika hata povu, nikashika lile langu la miaka yote.

"Mwalimu, sikuwa na nia mbaya. Nilidhani wewe huhitaji. Si sote tulijua kuna kampuni ya ng'ambo inakulipa?"

"Inanilipa nifanye nini?"

"Usifanye kazi."

Yule binti wa uzoefu wa miezi sita, aliyekuwa bado anangoja karatasi zake zitoke kwenye printa iliyokwama, akageuka kunitazama. Mwalimu pia alinitazama, kwa makini, kama alivyotazama lile gari langu jekundu.

"Nani alisema?"

"Darasa zima, Mwalimu. Ndiyo maana tulikuwa tukiona tai tunasema, leo wazungu wamelipa."

Nilingoja acheke. Ningetoa chochote acheke. Akaifungua ile tai kutoka kwenye gazeti, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, akaikunja upya kwa uangalifu, kama kitu ambacho mtu ana mpango nacho, na akaitia kwenye droo.

"Hakuna kampuni iliyowahi kunilipa nikae," akasema. "Siku za tai nilikuwa natoka intavyuu."